Mwizi wa ndotoni asiwe sababu ya kumtoa mtu nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala mliyoichapa kuhusu maana ya kuota wezi na watu wanaovamia nyumba. Mwandishi wake alieleza, bila kusita hata mahali pamoja, kwamba mwizi anayeonekana ndotoni ni adui aliye karibu nawe, na kwamba akiingia kwa ufunguo badala ya kuvunja, basi adui huyo ni ndugu wa damu au mtu unayekula naye sahani moja. Nimeisoma makala hiyo mara mbili, na mara zote mbili moyo wangu uliingia uzito, kwa kuwa nimewahi kusimama kwenye mlango wa nyumba ambamo tafsiri ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kumtoa mtu nje. Sisemi kwamba ndoto ya mwizi haina maana. Ninachokipinga ni maana iliyopikwa na mtu ambaye hajamwuliza mwotaji swali hata moja.

Mimi ni fundi wa milango na vitasa, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Wengi hudhani kwamba anayeniita ni yule aliyeibiwa, lakini wapo wanaoniita kwa sababu wameota. Hawasemi mara moja. Huanza kwa kuniambia kwamba kitasa kimelegea, nami nikikikagua nakikuta kizima, ulimi wake unaingia kwenye fremu sawasawa, na ndipo mwenye nyumba anaposema kwa sauti ya chini kwamba usiku wa kuamkia jana alimwona mtu sebuleni. Nimezisikia ndoto hizi kwa wingi hata nikaanza kutafuta vitabu na kuzisomea, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyojizoeza kuuliza kwanza, kabla ya kufungua sanduku langu la vifaa.

Mwanamke mmoja, ambaye ameniruhusu nilieleze jambo lake bila kumtaja jina, aliniita nibadilishe vitasa vya milango mitatu kwa siku moja. Hakuna kilichokuwa kimeibiwa. Alikuwa ameota mara tatu, katika muda wa majuma mawili, kwamba mwanamume asiyemjua anafungua mlango wa mbele kwa ufunguo, taratibu, anapita sebuleni pasipo kuigusa redio wala mkoba ulioachwa mezani, kisha anasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala na kukitazama kitanda. Alipoipeleka ndoto hiyo kwa mtu anayejiita mjuzi wa ndoto, aliambiwa yale yale yaliyoandikwa katika gazeti lako, kwamba mwenye ufunguo ni wa ndani. Mbali na yeye na mumewe, aliyekuwa na ufunguo wa nyumba ile ni mtoto wa dada yake, kijana waliyemlea tangu akiwa mdogo. Siku niliyofika, godoro la kijana huyo lilikuwa limekunjwa, limefungwa kamba na kuegemezwa ukutani karibu na mlango wa nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa amelala kwa rafiki yake usiku wa pili.

Kisa hicho nitakirudia. Kwanza nataka kusema jambo kuhusu lugha, kwa sababu ndoto humsemesha mtu kwa lugha yake. Kiswahili kimeijaza nyumba maana zisizohusu matofali wala mabati. Ndoa ikifa tunasema nyumba imevunjika. Mtu asiyeyatoa yaliyo moyoni tunasema amejifungia. Aliyedhulumiwa mwili wake hutumia neno kuingiliwa, neno hilo hilo tunalolitumia kwa faragha ya nyumba na kwa mambo ya watu wawili yanapotiwa mkono na wa tatu. Hata usingizi wenyewe kwetu ni mwizi, kwa maana mtu aliyesinzia bila kukusudia tunasema usingizi umemwiba. Basi mtu aliyelelewa na lugha hii anapoota kwamba nyumba yake imeingiliwa, nyumba hiyo yaweza kuwa ndoa, yaweza kuwa mwili, yaweza kuwa siri aliyoiweka kwa muda mrefu, au saa zake za mapumziko ambazo watu wanazichukua bila kuomba. Mfasiri anajuaje ni ipi kati ya hizo kama hakuuliza?

Na wafasiri wakubwa wa zamani waliuliza. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 aliyeandika vitabu vitano juu ya ndoto, alisisitiza kwamba mfasiri lazima ajue mwotaji ni nani, anafanya kazi gani, ana mali kiasi gani, umri wake na hali ya mwili wake, la sivyo atakosea. Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, ambaye jina lake limebandikwa kwenye vitabu vingi vilivyoandikwa na waliokuja baada yake, anasimuliwa kuwa aliendewa na watu wawili, kila mmoja akisema ameota anaadhini. Mmoja alimwambia kwamba atakwenda kuhiji. Wa pili alimwambia kwamba atakatwa mkono kwa wizi. Waliokuwapo walishangaa, naye akaeleza kwamba katika wa kwanza aliona dalili za wema, akakumbuka aya inayoamuru watu watangaziwe Hija, lakini hali ya wa pili haikumridhisha, akakumbuka aya ya Sura Yusuf ambamo mwenye kunadi aliwaita watu wa msafara kuwa ni wezi. Ndoto ilikuwa moja na waotaji wawili, na yeye aliwatazama waotaji. Wanaolitumia jina lake leo wameishika orodha na kuuacha utaratibu wake.

Maswali ninayouliza mimi si ya kitaalamu. Nauliza aliingia wapi, kwa kuwa aliyevunja dirisha na aliyepita kwenye mlango ambao mwotaji mwenyewe alisahau kuutia komeo hawafanani hata kidogo; huyu wa pili mara nyingi huja na lawama, na mwotaji huamka akijihukumu kwa jambo ambalo alipaswa kulilinda akazembea, kama vile mtoto, deni au ahadi. Nauliza alichukua nini. Mzee mmoja alimwota mwizi aliyeacha kila chenye thamani na kuchukua miwani yake tu, na aliponieleza hivyo alinyamaza, halafu akasema kwamba amestaafu na kwamba siku hizi hakuna anayemletea karatasi yoyote aisome. Sikumfasiria lolote. Nauliza pia mvamizi alikuwa akifanya nini, kwani wapo wasioiba kabisa, ila wamekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba kana kwamba wamezaliwa humo, na ndoto ya namna hiyo nimeisikia kwa mtu aliyeletewa msimamizi mpya kazini, na kwa mama aliyekuwa akiishi na mkwe. Jambo moja ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni ndoto ambazo mwotaji ndiye mwizi, anayetembea kwa kunyata katika nyumba ya wengine akiwa na hofu ya kukamatwa. Je, hapo adui wa karibu ni nani?

Lazima niwatenge watu waliowahi kuvamiwa kweli. Hao ndoto zao si fumbo. Huota tukio lenyewe, au sehemu yake, kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka: mkono unazungusha ufunguo na ufunguo hauzunguki, mlango unasukumwa kutoka nje na mabega hayana nguvu. Nimewawekea watu hao vitasa imara nilivyonavyo na ndoto hazikukoma, na nimeona aibu kupokea malipo. Ipo njia iliyothibitishwa kuwasaidia wengi wao, ambayo daktari Barry Krakow na wenzake waliichapisha matokeo yake nchini Marekani mwaka 2001 baada ya kufanya kazi na wanawake waliodhulumiwa kingono: mtu huichagua ndoto inayomtesa, akiwa macho huibadilisha jinsi apendavyo, kisha huirudia ile iliyobadilishwa akilini kila siku kwa dakika chache. Mwenye ndoto za namna hii amtafute mshauri au daktari, na kumwambia kwamba jirani yake anamwonea wivu ni kumwongezea jeraha.

Kwa wengine waliobaki, wanasaikolojia wamesema mengi, nami sikubaliani na yote. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilichotoka mwishoni mwa 1899, aliandika kwamba majambazi na mizuka wanaotutisha usiku wanatoka katika kumbukumbu za utotoni, za mzazi aliyeingia chumbani gizani kumwamsha mtoto asikojoe kitandani, au kulifunua shuka aone mikono ya mtoto imelala wapi. Kwake yeye jambazi alikuwa ni baba, na mzuka ni mwanamke aliyevaa nguo nyeupe ya kulalia. Siwezi kulitia kila jambazi katika chumba hicho kimoja. Hata hivyo Freud aliona kitu ambacho wengi hawakioni, kwamba anayetuogofya kwa kuingia usiku huenda aliingia kwa haki, hata kwa mapenzi. Carl Jung naye, ambaye mwaka 1909 aliota nyumba yenye ghorofa iliyopambwa vizuri juu na pango lenye mifupa chini kabisa, akaichukua nyumba hiyo kuwa ni picha ya nafsi, alifundisha kwamba mtu wa kutisha katika ndoto mara nyingi ni sehemu ya mwotaji mwenyewe aliyoikataa, kama hasira, tamaa au huzuni, ambayo inataka kurudi ndani. Maneno hayo nimeyafikiri sana nikiwa kazini, kwa sababu mtu anayegonga mlango usiku si lazima awe mgeni. Anaweza kuwa wa humo ndani aliyefungiwa nje.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Charlotte Beradt, mwandishi wa habari aliyeanza mwaka 1933 kukusanya kwa siri mjini Berlin ndoto za watu waliokuwa wakiishi chini ya utawala wa Hitler, akizificha karatasi ndani ya majalada ya vitabu mpaka alipoikimbia Ujerumani mwaka 1939. Alizitoa kitabuni mwaka 1966. Humo yumo daktari aliyeota mwaka 1934 kwamba amejipumzisha nyumbani jioni na kitabu mkononi, mara kuta za chumba chake zikatoweka, na alipotazama huku na huku akaona kwamba nyumba zote, kadiri macho yalivyofika, hazina kuta tena, huku kipaza sauti kikitangaza amri ya kuondolewa kwa kuta. Katika ndoto hiyo hakuna aliyevunja kitu wala aliyeiba, na bado sijasoma ndoto ya uvamizi iliyo wazi kuliko hiyo. Mvamizi wake alikuwa dola. Fikiria mtu angemwambia daktari yule kwamba ajihadhari na shemeji yake.

Upande wa mwili nao una neno lake, na ni neno la kutuliza. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho huenda mbio chini ya kope, na ndicho kipindi ambacho ndoto nyingi zenye kusimulika hutokea. Hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na ndani yake misuli mingi ya mwili hulegezwa kabisa ili mtu asiinuke na kuitenda ndoto yake. Ikitokea akili ikaamka kabla ya misuli kuachiliwa, mtu hujikuta macho wazi, hawezi kunyanyua kidole wala kupiga kelele, na mara nyingi huhisi kwa yakini kwamba yupo mtu chumbani, anasogea, wakati mwingine anamkalia kifuani. Hali hiyo wazee waliiita jinamizi. Mtafiti J. Allan Cheyne wa Kanada na wenzake, walipoyapanga matukio haya katika makundi mwaka 1999, kundi moja waliliita kwa jina la mvamizi, kwa jinsi hisia hiyo ilivyo ya kawaida kwa wanaopatwa. Uchovu wa kukosa usingizi huleta jinamizi hilo, na kulala chali pia hulileta. Aliyepatwa na hali hiyo hakuona adui. Aliamka vipande vipande.

Vile vile kuna dawa, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu na za huzuni kubwa, zinazoweza kuleta ndoto za kutisha, kwa hiyo nauliza hilo nalo, na ninamwambia mtu amwone aliyemwandikia dawa bila kuiacha mwenyewe. Na kuna sauti. Alfred Maury, Mfaransa, alieleza mwaka 1861 jinsi alivyoota anapelekwa kukatwa kichwa, akaamka na kukuta kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa na kijana aliyekuwa akimwota mwizi anayegonga mara tatu, anatulia, anagonga tena. Bawaba ya chini ya mlango wake wa nyuma ilikuwa imelika, na upepo wa alfajiri ulikuwa ukiupiga mlango kwenye fremu. Nilibadilisha bawaba, na mgongaji hakurudi.

Sasa ipo hesabu moja ambayo ningependa mwandishi wenu aitafakari. Wanasaikolojia Calvin Hall na Robert Van de Castle, katika kazi yao ya mwaka 1966, walizichambua ndoto 1,000 za wanafunzi wa vyuo nchini Marekani, wanaume na wanawake, wakahesabu nani anatokea na anafanya nini. Katika uchunguzi wa namna hiyo, anayejitokeza sana kuwa mshambuliaji ni mwanamume asiyejulikana. Naye mtafiti Antti Revonsuo wa Ufini alipendekeza mwaka 2000 kwamba huenda ubongo umerithi desturi ya kufanya mazoezi ya hatari usiku, ili mtu ajue kukimbia na kujificha mchana. Hata asiyekubaliana na Revonsuo, na wapo wengi, hawezi kukwepa hesabu ile ya kwanza. Ikiwa watu wa kila aina humwota mwanamume huyo huyo asiye na sura, kwa nini katika nyumba moja ageuzwe kuwa mpwa, na katika nyingine kuwa mtumishi wa ndani?

Hapo ndipo madhara yalipo, Ndugu Mhariri, na ndiyo sababu nimeandika. Ndoto haina shahidi na haiwezi kuhojiwa. Anayetuhumiwa kwa ndoto ya mwingine hana pa kuanzia kujitetea, kwa sababu hata akithibitisha kwamba usiku huo alikuwa mbali, ataambiwa kwamba alikuja kwa njia nyingine. Dini zetu zimeliona jambo hili. Waislamu wamefundishwa katika hadithi kwamba ndoto ni za aina tatu, na mojawapo ni yale ambayo mtu anajisemesha mwenyewe, na kwamba aliyeota jambo la kumchukiza ajikinge kwa Mola wake wala asimsimulie mtu. Wakristo wanasoma katika Mhubiri kwamba ndoto huja kwa wingi wa shughuli. Simwoni aliyeagizwa kuamka na kumtafuta mkosaji.

Namrudia yule mama. Nilipokuwa nimekwisha kukitoa kitasa cha mlango wa mbele nimekiweka juu ya gazeti, nilimwuliza ndoto ilianza lini. Aliitaja siku. Kisha akawa anazungusha kile kitasa cha zamani mkononi, akihesabu, na akasema kwamba ni usiku wa siku waliyorudi hospitalini na mumewe, walipoelezwa kilichoonekana kwenye picha za mapafu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata huyo kijana, kwa sababu mumewe alitaka iwe siri. Nikamwuliza tu kama mtu wa ndotoni aliwahi kumtazama yeye. Akasema hapana, alikuwa akitazama upande wa kitanda anaolala mumewe. Akakaa chini kwenye sakafu, palepale mlangoni, akalia kwa muda mrefu, na mimi nikaenda kusimama nje. Maana ile hakupewa na mimi. Aliiona mwenyewe, nayo ilikuwa na uzito kuliko adui yeyote ambaye angeweza kumfukuza.

Ombi langu kwako ni dogo. Mtakapochapa tena habari za ndoto, msichape jibu bila maswali, na msimtaje ndugu, jirani wala mtumishi wa mtu kuwa ndiye maana ya ndoto ya msomaji msiyemjua.

Vitasa vya yule mama nilivimalizia, kwa kuwa vya zamani nilikuwa nimekwisha kuvitoa. Cha mbele kilikuja na funguo tatu. Mmoja aliuchukua yeye, wa pili aliuweka karibu na mto wa mumewe, na wa tatu aliufunga kwenye pindo la kanga yake bila kusema ni wa nani. Wiki iliyofuata nilipopita kuurekebisha mlango wa nyuma uliokuwa ukigusa sakafu, kijana ndiye aliyenifungulia, na godoro halikuwapo tena pale ukutani.

Wako,
Fundi wa vitasa, msomaji wa gazeti lako